Sura ya Sita: Makumbusho ya Lugha Penye Mpaka

Lami itokayo Emali hupita Kimana, ikapanda hadi Loitokitok, kisha ikaufuata ubavu wa Kilimanjaro mpaka Illasit. Hapo Kenya inaishia. Ng'ambo ni Tarakea, wilaya ya Rombo, Tanzania. Huku njia nyingine inaelekea Njukini na Taveta. Mji wenyewe ni wa magunia, bodaboda na maduka ya jumla. Mkenya anauza maharagwe, Mtanzania ananunua maharage, na gunia ni lile lile. Mama anayepanga nyanya zilizotoka kwenye mashamba ya kumwagilia ya Rombo (Rombo ya Kenya, maana iko ya huku na ya kule) aweza kumjibu mteja wa kwanza kwa Kimaa (lugha ya Wamaasai), wa pili kwa Kikamba, wa tatu kwa Kichaga cha Rombo, kisha akamgeukia dereva wa lori kwa Kiswahili. Hakuna anayemstaajabia.

Illasit haina makumbusho ya lugha. Nataka kuyajenga hapa kwenye karatasi kwa vitu na vitabu vilivyopo kweli, kwa sababu naamini kwamba makumbusho ya namna hii yanafaa mji wa mpakani kuliko mji mkuu. Mji mkuu una mazoea ya kuihesabu lugha kama mali ya kabila fulani lenye eneo lake kwenye ramani. Mpakani lugha ni kazi ya kila siku, na mtu hutumia ile inayouza.

Majumba ya lugha yapo duniani na historia zao zafaa kusomwa kabla ya kununua hata bati moja. La São Paulo, Brazil, lilifunguliwa mwaka 2006 ndani ya stesheni ya zamani ya reli, likateketea Desemba 2015, likafunguliwa tena Julai 2021. Liliweza kurudi kwa sababu mali yake kubwa ilikuwa sauti na picha za kompyuta, vitu ambavyo nakala zake hazikai pahali pamoja. La College Park, Maryland, lilianza mwaka 2008 na kufikia 2014 halikuwa tena na vyumba vya kupokea wageni. Paris kuna Mundolingua, nyumba ndogo iliyoanza mwaka 2013, na inaendelea. Korea Kusini ilifungua jumba la kitaifa la maandishi ya ulimwengu huko Incheon mwaka 2023, lakini hilo ni la serikali yenye uwezo wake, na sisi hatulingani nayo.

Lililo karibu nasi zaidi ni la Wasuba. Katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kuna Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, moja kati ya makumbusho madogo ya kijamii yaliyochipuka Kenya baada ya kazi aliyoianzisha mtaalamu wa tamaduni Sultan Somjee katika miaka ya 1990. Wasuba wengi leo huzungumza Kijaluo, na Kisuba kimebaki kwa wachache. Kisiwa hicho kina michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, na ndiyo inayowavuta wageni kupanda mashua. Hapo pana funzo la biashara: mgeni huja kwa ajili ya kitu cha kutazama, kisha ndipo akubali kukaa chini asikilize.

Kisheria njia ni nyeupe kuliko watu wanavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaweka makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, na Ibara ya 7 inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za wananchi, pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kwa hiyo mwenye wazo hili ana haki ya kubisha hodi Kajiado mjini, makao ya kaunti. Kama atafunguliwa ni habari nyingine, na sitaimaliza katika sura hii.

Basi twende kwenye vitu.

Kitu cha kwanza kinachohusu alama katika Kaunti ya Kajiado ni cha kale kiasi cha kutisha. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, kunajulikana kwa mashoka ya mawe. Lakini mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba huko walipata pia vijiwe vya rangi, vyeusi na vyekundu, vya miaka ipatayo 300,000, na baadhi vilikuwa vimechokolewa na mkono wa binadamu. Walipaka nini? Ngozi, fimbo, uso? Vijiwe havisemi. Mtu mwenye haraka ya kuwafurahisha wageni angeandika ukutani kwamba maandishi yalizaliwa Kajiado. Asithubutu. Rangi si herufi. Kinachoweza kusemwa bila kudanganya ni kwamba watu wa bonde hilo walitafuta rangi na kuitunza, nami ningeiacha hivyo, kwa sentensi moja na picha moja.

Chapa za ng'ombe zina maneno mengi zaidi. Kwa Wamaasai, mfugo hupigwa chapa ya moto ya ukoo na kukatwa masikio kwa namna ya familia, hivi kwamba ng'ombe akipotea akaonekana sokoni, mtu anayejua huanza na ukoo kisha akamfikia mwenyewe. Ningeomba vyuma vya chapa kutoka kwa familia za Ilkisongo za Loitokitok, na ningevipanga chini kabisa, pahali mtoto anapovifikia kwa mkono. Je, hayo ni maandishi? Hapa kuna ubishi wa kweli, na makumbusho mazuri huuonyesha ubishi badala ya kuuficha. Maandishi kwa maana ya wataalamu ni alama zinazobeba usemi wenyewe: ukinipa ukurasa nikausoma, natamka maneno yale yale uliyoyaweka. Chapa haibebi usemi. Wawili wakiisoma, mmoja atasema "huyu ni wa kwetu" na mwingine "rudisha mara moja", na wote wawili wamesoma sawasawa.

Katikati ya chapa na herufi kuna kitu kilichotoka upande wa pili wa mpaka, nacho ndicho ningekiweka katikati ya chumba: mregho wa Wachaga. Ni kijiti kilichochongwa alama na michoro midogo. Katika mafunzo ya vijana, mwalimu alikuwa akikigusa alama moja baada ya nyingine huku akiimba fundisho linaloendana na kila alama, kuanzia mimba na malezi ya mtoto hadi mwenendo wa mtu mzima. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliyakusanya mafundisho hayo upande wa Moshi na kuyachapisha kwa Kijerumani katika vitabu vitatu kati ya 1932 na 1938. Otto Raum naye akauandika mregho katika kitabu chake cha 1940 juu ya utoto wa Uchagani. Asiyefundishwa hawezi kuusoma mregho hata akiutazama mchana kutwa. Aliyefundishwa hawezi kuuruka mstari, maana kidole kinashuka alama kwa alama. Kijiti kinashika mpangilio na kumbukumbu inashika maneno. Mimi nauona kuwa uvumbuzi wa akili nyingi sana, na inanishangaza kwamba watoto wetu wanafundishwa kuhusu vibao vya udongo vya Mesopotamia bila kusikia hata siku moja habari za kijiti kilichochongwa kwenye mlima wanaouona dirishani. Nakala yake yaweza kuchongwa na fundi wa Tarakea kwa kufuata michoro ya Gutmann na Raum, mradi iandikwe wazi kwamba ni nakala.

Kidole pia ni chombo. Wamaasai na Waarusha wana ishara za mkono za kuhesabu ambazo hutaja namba bila kufungua kinywa, na mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alizieleza mwaka 1958 katika makala kuhusu Waarusha na Wajie wa Uganda. Ukuta mmoja wa picha za mikono unatosha. Mgeni atajifunza moja hadi kumi kabla hajafika mlangoni, na sokoni atazikuta zikitumika.

Sasa karatasi. Huku ndiko makumbusho yanakopaswa kukaa muda mrefu, kwa sababu historia ya Kimaa kwenye karatasi ni historia ya watu waliosema na watu walioandika, na kwa karibu karne nzima majina yaliyokuwa kwenye jalada yalikuwa ya walioandika tu.

Msamiati wa kwanza wa lugha hii kuchapishwa ulitoka Tübingen, Ujerumani, mwaka 1854, kwa jina la mmisionari Johann Ludwig Krapf. Jakob Erhardt akafuata na wake mwaka 1857. Krapf hakuwa ameishi na Wamaasai. Aliyemfundisha alikuwa Lemasegnot, kijana wa Wakwavi, wasemaji wengine wa Kimaa, aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Hebu fikiri: kitabu cha kwanza cha lugha inayosikika leo Illasit kilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na bei. Kila neno lililomo, la ng'ombe, la mvua, la mama, alilitamka yeye mbali na kwao, mbele ya mgeni mwenye kalamu, na mgeni akaliandika kama sikio lake la Kijerumani lilivyolipokea. Kama makumbusho yangekuwa na kabati moja tu la kioo, ningeweka humo kurasa za 1854 zenye jina la Lemasegnot juu ya jina la Krapf.

Nusu karne baadaye, mwaka 1905, Oxford ilichapisha kitabu kikubwa cha Alfred Claud Hollis juu ya lugha na simulizi za Wamaasai. Hollis alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Msaidizi wake mkuu alikuwa Justin Lemenye, aliyepitia misheni ya Taveta, mji ule ule ambao barabara ya Illasit inaelekea. Lakini Lemenye hakubaki kuwa msaidizi. Habari za maisha yake zilitoka kwa Kiswahili mwaka 1953, Maisha ya Sameni ole Kivasis yaani Justin Lemenye. Mtu aliyemwezesha Mwingereza kuandika juu ya Wamaasai ana kitabu chake mwenyewe, tena kwa lugha ambayo muuza nyanya wa Illasit anaisoma. Ni wangapi wamekisoma? Sikioni kwenye rafu za maduka ya vitabu, na hiyo ni aibu yetu sisi tunaojiita wasomaji.

Halafu 1955. Longmans, London, walitoa sarufi ya Kimaasai yenye majina mawili: A. N. Tucker, profesa wa London, na J. Tompo ole Mpaayei, Mmaasai. Kutoka Lemasegnot hadi ole Mpaayei ni miaka 101. Hiyo ndiyo safari ninayotaka mgeni aitembee kwa miguu ndani ya jumba, hatua kadhaa kutoka kabati hadi kabati, akiona jinsi jina la msemaji linavyotoka kwenye dibaji na kupanda hadi kwenye jalada.

Sarufi hiyo ya 1955 ndiyo inayoonyesha pia mahali karatasi inaposhindwa. Kimaa kina irabu tisa, na maandishi ya kawaida yana herufi tano za irabu. Hilo ni dogo. Kubwa ni toni. Katika Kimaa kitenzi hutangulia, na nomino hubadili toni kuonyesha kama ni mtenda au mtendwa. Andika *edol enkerai* kwa herufi za kawaida, na msomaji hajui kama mtoto ndiye anayeona au ndiye anayeonekana. Itamke, na hakuna Mmaasai atakayeuliza. Hapa mgeni apewe vidude vya masikioni na vitufe viwili. Abonyeze, asikilize, kisha atazame ukutani ambako sentensi zote mbili zimeandikwa sawa herufi kwa herufi. Biblia nzima ya Kimaasai ilitoka mwaka 1991, na wasomaji wake wanaelewa kwa sababu muktadha unawasaidia, kama sisi wa Kiswahili tunavyojua bila alama yoyote kwamba *barabara* ni njia au ni sawasawa. Ila chombo cha kuandikia kimekatwa na watu ambao lugha zao hazikuwa na haja hiyo, na ni haki mtoto wa Loitokitok ajue kwamba mapengo hayo ni ya herufi wala si ya lugha ya nyanya yake.

Herufi za Kilatini nazo hazikuwa za kwanza kupita hapa. Misafara ya pwani ilipumzika Taveta kabla ya kuingia Umaasaini, na wafanyabiashara kama Jumbe Kimemeta wa Pangani, aliyefuatana na msafiri Joseph Thomson mwaka 1883, walitoka katika ulimwengu ambao Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka wa Pate una tarehe ya 1728. Ukurasa mmoja wa hati ya namna hiyo, hata picha yake tu, utamshtua kijana anayedhani Kiswahili kilijifunza kuandika kutoka kwa wamisionari. Ningeweka na Kisomali karibu yake, maana Cismaan Yuusuf Keenadiid alibuni herufi za Kisomali mwanzoni mwa miaka ya 1920, na serikali ikachagua Kilatini mwaka 1972. Kuchagua herufi ni siasa, na Mkongo angeongeza Mandombe ya Wabeladio Payi ya mwaka 1978. Sitaki jumba lijae, lakini hizo tatu zinatosha kumwonyesha mgeni kwamba Afrika imebuni, imeazima na imekataa.

Kitu kidogo kuliko vyote kitakuwa diski. Waliosoma shule za Kenya wanaijua: kipande cha ubao, mfupa au kifuniko, hufungwa kamba na kuvishwa mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama, naye humvizia mwenzake ili ampe, na wa mwisho kuwa nayo jioni huchapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu hii mwaka 1986. Haihitaji maelezo marefu. Itundikwe kwenye msumari, na wazee watawasimulia wajukuu zao wenyewe.

Mpaka wenyewe ni onyesho. Mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliuzunguka mlima na kuwagawa watu wa lugha moja. (Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Kilimanjaro waongozaji watalii wanaipenda sana. Haina ushahidi.) Tangu hapo serikali mbili zimeitendea lugha ile ile kwa namna mbili. Kenya ilihesabu Wamaasai 1,189,522 katika sensa ya 2019. Sensa ya Tanzania haiulizi kabila. Upande wa Kenya redio kama Mayian FM hutangaza kwa Kimaa. Kanuni za utangazaji za Tanzania zinataka Kiswahili au Kiingereza. Mawimbi hayana pasipoti, na boma la ng'ambo husikiliza redio ya huku. Sisemi upande upi una hekima. Tanzania ilipata taifa lenye lugha moja ya pamoja, jambo ambalo Wakenya hulionea wivu kila baada ya uchaguzi. Kila upande ulilipia ulichopata, na redio ndogo ya betri juu ya meza, ikiwa imewashwa, italieleza hilo kuliko ukuta wa maneno.

Lililobaki ni gumu, nalo ni majina na sauti.

Mwaka 2017 Samwel Nangiria, mwanaharakati wa Kimaasai kutoka Tanzania, alipita katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, akaona vitu vya watu wake vikiwa na maelezo yasiyo sahihi. Wajumbe wa Kimaasai waliofuata walivitambua vitu vitano ambavyo familia haiwezi kuvitoa kwa hiari, vitu vya urithi ambavyo kuwako kwavyo huko kulionyesha kwamba pana aliyedhulumiwa. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho hayo walikuja Kenya na Tanzania kukaa na familia husika. Makumbusho ya Illasit hayana budi kuanza pale Oxford ilipofika baada ya zaidi ya karne: hakuna kitu kinachoingia bila jina la aliyekitoa, na bila ruhusa ya familia yake.

Lakini jina lenyewe lina miiko. Hollis aliandika kwamba Wamaasai hawakulitaja jina la aliyekufa, na kama jina hilo lilifanana na neno la kawaida, watu wa boma lile walitafuta neno jingine la kutumia mahali pake. Kwa makumbusho ya lugha hili si jambo la pembeni. Yote niliyoyapendekeza yanasimama juu ya kumtaja msemaji kwa jina, na kinasa sauti kinamfanya marehemu aendelee kusema. Mzee atakayerekodiwa leo akituimbia hesabu ya ng'ombe wake atakufa siku moja, na mjukuu ataingia jumbani akamsikia. Kuna familia zitakazolia kwa shukrani. Kuna zitakazotaka kitufe kile kizimwe, kwa mwaka mmoja au kwa kudumu, na mlinzi wa jumba hana neno la kuongeza hapo.

Ningeandika basi kanuni ya kwanza kabla ya kupaka rangi ukuta: kila rekodi ina mwenyewe, mwenyewe ni familia, na familia yaweza kuifunga bila kutoa sababu. Orodha ya rekodi zilizofungwa itunzwe katika daftari la mkono, siyo ukutani. Kanuni ya pili: jina la marehemu laweza kuandikwa pale familia iliporidhia, lakini haliingii kwenye sauti inayojirudia saa nzima ikimfikia kila apitaye. Wengine watasema kuandika na kutamka ni mamoja. Wazee wa Loitokitok na wazee wa Tarakea waulizwe kwa pamoja, kwenye baraza moja, kwa sababu huenda majibu yao yakatofautiana, na tofauti hiyo nayo ni ya kuonyeshwa.

Lemasegnot ndiye anayenisumbua. Wengine wote wana watu wa kuulizwa. Yeye aling'olewa kwao akauzwa, na aliyeandika maneno yake hakumwachia ukoo wa kumtetea. Nikilificha jina lake kwa heshima ya mila, narudia alichofanya mchapishaji wa 1854 aliyeliacha nje ya jalada. Nikiliweka kwa herufi kubwa kabatini, nalitaja jina la marehemu bila idhini ya mtu yeyote. Ningeliandika. Ningelipeleka kwanza kwenye baraza lile, na wazee wakisema hapana, kurasa za Krapf zingebaki zimefungwa stoo pamoja na jina lake, kwa maana maneno yale bila yeye sitayaonyesha.